Albamu za Eloy kuanzia 1971 hadi 2023: ipi uchukue, ipi uipotezee

Wakuu, kwa wale wenye haraka naanza na jibu: kama una bando la albamu moja tu ya Eloy, chukua Ocean ya 1977, ishushe kabisa, zima data ili meseji zisikukatishe, vaa hedifoni usikilize zote nne bila kuruka. Ndiyo, nyimbo ziko nne tu. Ukitosheka hapo unaweza ukaacha kusoma, hautakuwa umepoteza kitu. Wale wenye muda twendeni, maana hawa jamaa wana albamu nyingi na nusu yake mtu mgeni akianzia hapo ataona wote tunaowasifia tuna matatizo ya masikio.

Eloy ni bendi ya Hannover, Ujerumani, ilianzishwa 1969 na mpiga gitaa Frank Bornemann. Jina wamelitoa kwa wale Eloi wa kwenye riwaya ya H. G. Wells ya mashine ya kusafiri kwenye wakati, ile ya 1895, na kweli mambo ya kusafiri kwenye wakati hayajawahi kumtoka kichwani huyu mzee mpaka leo, ntarudi hapo. Hannover ndiko walikotoka Scorpions pia, wale wa nyimbo za mapenzi ambazo redio zetu hazijawahi kuchoka kuzipiga usiku. Na mpiga dramu Jürgen Rosenthal alipiga kwenye Fly to the Rainbow ya Scorpions ya 1974 kabla hajaja Eloy, kwahiyo sio bendi ngeni kabisa, ni majirani wa watu mnaowajua.

Sasa mtu akisema roki ya Ujerumani ya miaka ya 70 wahakiki wanakimbilia Can wa Köln, Neu! na Kraftwerk wa Düsseldorf, Tangerine Dream wa Berlin. Hao ndio wanaoheshimika. Eloy wanasukumwa pembeni, wanaambiwa ni Pink Floyd, ile bendi kubwa ya Uingereza, wa bei rahisi, Kiingereza chao kibovu, mashairi ya nyota na sayari. Kuhusu Kiingereza sibishi, lafudhi ya Bornemann ni nzito mpaka kuna mistari nimeisikiliza mara kibao na bado sijui kasema nini. Lakini hiyo ya bei rahisi nakataa, na sababu yangu ni moja, gitaa la besi la Klaus-Peter Matziol. Nitalisema sana hilo besi humu, mnivumilie.

Kitu ambacho nataka mkishike kabla sijaanza kugawa maksi ni hiki. Bornemann ndiye pekee aliyekuwepo kwenye kila albamu, wengine wote wamekuja wakaondoka, kwahiyo watu wanaichukulia Eloy kama ni yeye tu na watu aliowakodi. Mimi nimezisikiliza zote kwa mpangilio wa miaka na nakataa. Kila albamu nzuri ya Eloy kuna mtu mle ndani aliyekuwa na ubavu wa kumbishia, na kila alipobaki mwenyewe na uamuzi wote mkononi kazi ikapoa.

Tuanze ya kwanza, inaitwa Eloy tu, 1971, lebo ya Philips, kava lina pipa la taka. Hapa Bornemann hata haimbi, anaimba Erich Schriever, na ni roki nzito ya kawaida ya wakati ule yenye mambo ya siasa, kuna wimbo wa mwanajeshi mwenye wasiwasi, kuna wa mapinduzi, ndio vijana wa Ujerumani walivyokuwa baada ya 1968. Sio mbaya, ila ukiisikiliza hujui ni Eloy. 5 kwa 10, na hiyo 5 ni kwa ajili ya historia.

Schriever akaondoka, Bornemann akashika maiki, Manfred Wieczorke ambaye alikuwa mpiga gitaa akahamia kwenye kinanda cha Hammond, na hapo ndipo bendi ikazaliwa kwa kweli. Inside ya 1973 inafunguliwa na Land of No Body, dakika 17 na ushee, yaani upande mzima wa santuri ni wimbo mmoja. Hammond inanguruma, gitaa linajibu, wanaachiana nafasi, hakuna anayekimbilia kumaliza. Floating ya 1974 ni ileile lakini nzito na chafu zaidi. Mimi napenda Inside kuliko Floating ila nawajua watu wanaoapa kinyume, tusigombane. Kama umekulia kwenye Deep Purple, wale Waingereza wa roki nzito, hizi mbili zitakuingia haraka kuliko zote zinazofuata.

Halafu 1975 ikaja Power and the Passion na hapa naomba nikae kidogo. Ni hadithi moja albamu nzima: kijana anaitwa Jamie anakunywa dawa inayompeleka nyuma mpaka Paris ya mwaka 1358, anampenda binti anaitwa Jeanne, anaingizwa kwenye uasi, anafungwa, mchawi mmoja mwenye vituko anamrudisha kwao, na mwishoni unasikia habari za kengele za Notre Dame. Ukisikia hivyo unaona ni vichekesho na kweli kuna mazungumzo katikati ya wimbo ambayo ukiyasikiliza mbele ya watu utaona aibu. Lakini angalia huo mwaka. 1358 ndio mwaka wakulima wa kaskazini mwa Ufaransa walipowavamia mabwana zao, na Paris kwenyewe kiongozi wa wafanyabiashara Étienne Marcel aliuawa mwezi wa saba mwaka huohuo. Ni katikati ya ile Vita ya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza, iliyoanza 1337 ikaisha 1453. Kwahiyo ule wimbo wa uasi uliomo humo, Mutiny, haukuokotwa hewani, mtu alisoma historia kabla ya kuandika. Shikilia hilo jina Jeanne na hiyo vita, tutavikuta tena huko mbele.

Kimuziki ni albamu nzuri sana, kibodi zimejaa, nyimbo fupifupi zinaungana. 8 kwa 10. Lakini bendi ilishavunjika kwa ndani, ugomvi wao kwa wao na mambo ya meneja, ikasambaratika. Bornemann akabaki na jina mkononi hana watu.

Kilichofuata ndio sababu ya mimi kuandika yote haya. Akakusanya watu wapya: Matziol kwenye besi, Detlev Schmidtchen kwenye kibodi, na Rosenthal kwenye dramu. Na huyu Rosenthal hakuja kupiga dramu tu, alikuja na madaftari, mashairi yote ya kipindi hiki aliandika yeye. Mpiga dramu ndiye anamwandikia mwenye bendi maneno ya kuimba! Fikiria mwenyewe hayo mazoezi yalikuwaje. Dawn ya 1976 wakaongeza nyuzi za okestra, nzuri ila imejaa mno, vipande vingi vifupi, unamaliza hujui wimbo gani uliisha wapi. 7.5.

Mwaka uliofuata wakaondoa okestra, wakapunguza vipande vikabaki vinne, ndio Ocean.

Ocean ni habari ya Atlantis, ile hadithi ya Plato ya mungu wa bahari Poseidon kuzaa na binadamu na wanawe kutawala kisiwa mpaka kiburi kikawazamisha. Wimbo wa kwanza Poseidon's Creation unaanza na kitu kinakuja kwa mbali, halafu besi inaingia, na kuanzia hapo besi ndiyo inaongoza, haipo chini kule kusindikiza kama besi nyingi za roki, iko juu kabisa inarukaruka, inauliza swali na gitaa linajibu. Dakika kadhaa zinapita hakuna aliyeimba neno na wala hukumbuki kwamba ulikuwa unasubiri mtu aimbe. Schmidtchen anatandika kibodi nyuma kama kwaya, pana, na Rosenthal hatulii, anapiga vitu vidogovidogo ambavyo kwenye spika ya simu huvisikii kabisa, ndio maana nilisema hedifoni. Bornemann akija kuimba anaimba kidogo, nusu anaongea, na hapo lafudhi yake inageuka faida maana inakuwa kama kuhani fulani wa zamani anasoma kitu, haieleweki vizuri na haitakiwi ieleweke vizuri.

Wimbo wa nne una jina refu kuliko nyimbo nyingine, Atlantis' Agony at June 5th – 8498, 13 P.M. Gregorian Earthtime. Naam, saa 13 halafu wakaweka na p.m. juu yake, saa ambayo haipo ukutani kwa mtu yeyote, mi naichukulia ni saa saba mchana na maisha yanaendelea. Unapita dakika 15, na mwanzo wake wote ni mtu anaongea juu ya kibodi zinazoelea, hakuna mdundo, mtu asiye na subira ataruka. Usiruke. Ule utulivu ndio unaofanya bendi ikija kuingia uisikie kifuani. Hii ndiyo albamu iliyowapa jina kubwa kwao Ujerumani, na ni mwaka 1977, mwaka wa panki, mwaka ambao Uingereza walikuwa wanasema nyimbo ndefu zimekufa zizikwe. 9.5, ile nusu nimeikata kwa ajili ya hizo kelele za kuongea ambazo zingepungua dakika moja hakuna ambaye angelia.

Ukitaka ushahidi wa ninachosema kuhusu watu kumbishia mzee, tafuta Live ya 1978. Humo kikosi hiki cha Ocean kinapiga Inside na Mutiny, nyimbo za vikosi vya nyuma. Weka Inside ya 1973 halafu weka hii ya laivu, moja baada ya nyingine. Ni wimbo uleule, mwimbaji yuleyule, gitaa lilelile, ila chini yake ardhi imebadilika, ya kwanza inasukumwa na Hammond, ya pili inasukumwa na Matziol na Rosenthal na inapaa. Ukishafanya hilo zoezi hutasema tena Eloy ni mtu mmoja.

Silent Cries and Mighty Echoes, 1979, ndiyo ya mwisho ya kikosi hiki na ndiyo inayotukanwa zaidi kwa kuiga Pink Floyd. Haki ya Mungu ule mwanzo, Astral Entrance, kibodi inatanda na gitaa linadondosha noti mojamoja taratibu, ukimwekea mtu bila kumwambia atasema ni Shine On You Crazy Diamond. Na kwenye The Apocalypse kuna mwanamke anaimba bila maneno, hilo nalo limetoka kwa Pink Floyd haohao. Nimeshasema ukweli sasa niseme na wa pili, naisikiliza hii mara nyingi kuliko Ocean. Ni laini, imerekodiwa safi, ya usiku. 8.5 na wanaonuna wanune.

Baada ya hapo Schmidtchen na Rosenthal wakaondoka wakaenda kutoa albamu yao kwa jina la Ego on the Rocks, 1981. Bornemann akabaki na Matziol, akaleta Hannes Arkona wa gitaa, Hannes Folberth wa kibodi, na Jim McGillivray kwenye dramu. Mashabiki wengi wanaishia hapa na mimi naona wanakosea pakubwa. Colours ya 1980 ina nyimbo fupi, kavu, zinapiga, Illuminations na Silhouette ni nyimbo ambazo hata mtu asiyependa roki ya progresivu, hii ya nyimbo ndefu zenye vipande vingi, anatikisa kichwa. Halafu Planets ya 1981 na Time to Turn ya 1982 ni hadithi moja sehemu mbili, kwenye ya pili Fritz Randow, mpiga dramu wao wa zamani, amerudi, na kwangu hizi mbili ndizo mlango mzuri kwa mtu aliyekulia kwenye muziki wa miaka ya 80. Sinthesaiza zake zinang'aa, kuna viitikio unavyoweza kuimba, kuna sauti za kike kwenye Time to Turn zinazokaa vizuri. Nani alikuwa anabishana na mzee kipindi hiki? Folberth. Kibodi zake zina maoni yake mwenyewe, sikiliza Mysterious Monolith na Through a Somber Galaxy utaelewa. Planets 8, Time to Turn 8.

Performance ya 1983 ipite. Metromania ya 1984 ina nguvu kiasi, The Stranger na Nightriders ziko vizuri, ila dramu za miaka ile jamani, kila kitu kimepuliziwa mwangwi. Mwaka huohuo wakatengeneza na muziki wa filamu moja ya vita, Code Name Wild Geese, na kikosi kikafa.

Sasa tazama kilichotokea mwenye jina alipobaki na nafasi yote. Ra ya 1988 ni Bornemann na Michael Gerlach wa kibodi, dramu za kompyuta, hakuna Matziol. Nyimbo zenyewe si mbaya kwenye karatasi, melodi zipo, lakini hakuna anayesukuma, kila kitu kimekaa pale kilipowekwa. Destination ya 1992 akajaribu kuongeza magitaa mazito, ikawa nzito bila kuwa na nguvu. Kuna wimbo mmoja mle unaitwa Jeanne d'Arc, una kwaya, na huo ndio pekee ninaourudia. Ra 5, Destination 4.5. Kama umebakiwa na MB chache usizipeleke huko.

Matziol akarudi kwenye The Tides Return Forever, 1994, na ghafla unasikia kuna mtu nyumbani. Wimbo wenye jina la albamu ni moja ya vitu bora alivyofanya mzee baada ya 1982. Ocean 2: The Answer ya 1998 jina lake linajipalia makaa lenyewe, ukiita kitu Ocean 2 lazima tukupime na Ocean, na ukipimwa hivyo ni wali wa jana uliopashwa, unashibisha lakini unajua. Kama ungekuja na jina jingine ningekupa 7. Nakupa 6.5.

Halafu kimya cha miaka 11. Mzee alikuwa na studio yake hapo Hannover, Horus Sound, ambayo Helloween, bendi ya metali ya Ujerumani, walirekodi Keeper of the Seven Keys, kwahiyo kazi za wengine zilikuwepo. Visionary ikaja 2009 kusherehekea miaka 40, na ina wimbo unaoitwa sehemu ya pili ya Time to Turn, huyu baba habari haimalizi. Ni fupi, ya kirafiki, Folberth na Matziol wapo ndani. 7 ya heshima.

Na ndipo tunafika kwenye ile vita niliyowaambia mshike. 2017 na 2019 akatoa The Vision, the Sword and the Pyre, sehemu mbili, maisha ya Jeanne d'Arc, yule binti shujaa wa Ufaransa kwenye hiyo vita, tangu maono mpaka kuchomwa moto pale Rouen 1431. Mzee ameshapita miaka 70. Yaani mtu ametunga binti anaitwa Jeanne kwenye Ufaransa ya Vita ya Miaka Mia mwaka 1975, akaandika wimbo wa Jeanne d'Arc 1992, na 2017 ndio anaitoa kazi yenyewe kamili. Miaka arobaini na mbili anazunguka vita ileile! Hapo nilimvulia kofia. Ila kusikiliza sasa, ni kazi. Kuna kwaya, kuna wasimulizi, kuna ngurumo za vita, na wimbo unapoanza kukolea mtu anaingia kusimulia. Hapa hakuna aliyemwambia mzee hiki toa, hiki punguza, na inasikika. Ndani ya saa mbili hivi kuna albamu moja kali sana imejificha, ukiwa na subira utaichonga mwenyewe kwa kutengeneza orodha yako. Sehemu ya kwanza 7, ya pili 6.

Echoes from the Past ya 2023 inarudi kwenye nyimbo za kawaida, sauti imezeeka na haifichi, besi ipo. Nimeipenda zaidi ya nilivyotarajia, 7.

Kwa anayetaka kununua: zile za miaka ya 70 zipo kwenye CD zilizosafishwa upya na zinasikika vizuri, hakuna haja ya kuhangaika na santuri ya kwanza kabisa labda kama unakusanya. Ila kuagiza kutoka Ulaya piga hesabu ya posta na ushuru kwanza maana CD moja inaweza kukugharimu usafiri kuliko yenyewe, bora uagize kadhaa kwa mpigo au umpe ndugu anayekuja likizo. Mkimtuma mtu mwandikieni na mwaka, 1977, kwenye karatasi, maana akifika dukani akaulizia Ocean peke yake anaweza kuwaletea ya 1998.